Viazi, Asali na Ini la Mzee arap Rono

Kazi yangu ilianza Jumatatu, tarehe tatu Agosti 1959, saa moja na nusu asubuhi, katika jiko la wodi ya wanaume hapa Nakuru. Sasa imekwisha, kwa hiyo mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na sita. Baba atacheka akisikia neno hilo, maana yeye yuko relini tangu kabla sijazaliwa na bado hajastaafu. Lakini likizo ya Desemba watachukua msichana mwingine wa shule, na ningependa akute maneno haya, asikute sufuria tu. Mshahara sitautaja. Cheo nilipanda mara moja: kutoka kuosha trei hadi kubeba trei.

Wewe utakayekuja, ujue kwanza kwamba mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu akiuliza swali mara nyingi jibu ninalo, na mara zote natazama viatu vyangu. Ndiyo maana jiko lilinipendeza. Kiazi hakimwulizi mtu kitu.

Mpishi mkuu ni Bwana Salim, mzaliwa wa mtaa wa Bondeni, mtu wa kofia nyeupe na ulimi mrefu. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kichwani hadi chini, akaniambia, "Wewe ndiye msomi? Haya, msomi, shika kisu." Nikashika. "Si hivyo. Hivyo utamenya kidole, na kidole hatuna mgonjwa wa kumpa." Kisu chenyewe kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki chembamba kama jani la nyasi. Kipende hicho hicho. Vile vipya vinaponda kiazi.

Trei zina utepe. Utepe mwekundu ni wa asiyekula chumvi. Bluu ni wa kisukari. Mweupe ni wa chakula cha nguvu: maziwa, mayai, na supu ya mifupa ya Bwana Salim. Supu hiyo huwekwa motoni alfajiri na haitolewi mpaka mifupa ikubali yenyewe. Watu wa Bondeni wanasema kuna waliojifanya wagonjwa kwa ajili yake. Bwana Salim hakanushi.

Mzee arap Rono nilimkuta wodini na utepe mweupe. Ni mkulima wa viazi kutoka upande wa Molo, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa ya kizamani. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji, na macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Wagonjwa wenzake walimcheka chini chini, "Hiyo ni busaa hiyo." Wewe usicheke. Mzee hakuwa mnywaji. Aliwahi kuugua ugonjwa wa manjano akiwa kijana, akapona, akasahau. Ini halikusahau, likaendelea kukakamaa na kujaa makovu kimya kimya. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba alikuwa mtu wa utani. Nikimpelekea trei aliuliza, "Leo mnanilisha mimi au mnanenepesha mbuzi wa Krismasi?"

Kisha akaanza kubadilika. Kwanza ilikuwa usingizi wa mchana na kukesha usiku. Halafu siku moja alivaa shati miguuni. Alijaribu kwa bidii kufunga vifungo kwenye goti, na hakuna aliyecheka. Kesho yake alimshika Bwana Salim mkono akamwita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, akamwuliza kama ng'ombe wameingia zizini. Bwana Salim, ambaye hajui hata ng'ombe anafungwa wapi, akamjibu kwa upole, "Wameingia wote, ndugu yangu. Lala."

Tukarudi jikoni. Bwana Salim akaongeza kijiko kingine cha supu kwenye bakuli lake. "Nguvu zimemtoka," alisema. "Mtu akitokwa na nguvu, dawa ni mfupa."

Mzee akazidi. Alimsukuma mgonjwa wa kitanda cha pili, akakojoa karibu na meza ya dawa. Sista msimamizi, ambaye si mtu mbaya ila ana wodi nzima ya kulinda, akasema hapa si mahali pake tena. Jumamosi gari lingekuja kumpeleka hospitali ya wenye wazimu Nairobi. Sote tulijua maana yake. Kwa mtu wa ini bovu na tumbo la maji, safari ile ni ya kwenda. Ya kurudi haipo.

Hapo ndipo akaja Daktari Fonseka. Amezaliwa hapa hapa Nakuru, baba yake alikuwa na duka la kushona nguo, na alikuwa ametoka masomoni Ulaya juzi juzi. Hata viatu vilikuwa bado havijaingia vumbi letu. Siku yake ya kwanza alisimama mbele ya Mzee arap Rono akamwambia, "Mzee, nyoosha mikono. Inua viganja, kama askari anayesimamisha gari."

Mzee akainua. Viganja vikakataa kutulia. Vilianguka, vikainuka, vikaanguka, kama mabawa ya ndege anayetaka kutua na hajui wapi. Nilikuwa nimeshika kikombe. Daktari akainama akanusa pumzi ya mzee, kisha akatoa kiberiti mfukoni, akapanga njiti tano juu ya trei yangu zikawa nyota. "Sasa wewe." Mzee alizipanga, akazitazama, akazipanga tena. Ilikuwa rundo la kuni. Machozi yakamtoka, maana alijua si nyota na hakujua kwa nini.

"Huyu si mwendawazimu," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona rafiki sokoni. "Ni ini! Nani anampikia?"

Nilitazama viatu vyangu, nikamwongoza jikoni.

Nataka niandike vizuri kilichotokea jikoni, kwa sababu sijawahi kusikia somo kama lile, na nimesoma shule nzuri. Daktari aliketi juu ya gunia la viazi. Alisema chakula cha nyama, maziwa na mayai kikifika tumboni, vijidudu vya humo humo hukikatakata, na katika kukikata hutoa sumu. Ini zima huikamata ile sumu njiani na kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara, tukakikojoa, basi. Ini lenye makovu huiacha ipite. Inapanda kichwani. "Sumu yenyewe, kwa tunavyodhani sasa, ni amonia."

"Amonia?" Nilisikia mtu amesema kwa sauti. Kumbe ni mimi. "Ile ya chupa ya kabati la kemia?"

"Ile ile, dada! Uliinusa?"

"Ilitaka kuning'oa pua."

"Basi fikiria inazunguka katika damu ya mzee."

Mwaka mzima nimeandika amonia ubaoni na daftarini, na haikuwa kitu, ilikuwa herufi. Sasa ilikuwa imekaa kitanda cha dirishani, imevaa shati miguuni.

Bwana Salim aliweka mwiko chini. Kisha akasema, "Daktari, unaniambia supu yangu inamwingiza mtu wazimu?"

"Nakuambia hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo, Bwana Salim. Mgonjwa wa ini mpe nyama, mpe maziwa, mpe mayai. Na wengi wao inawafaa. Lakini huyu ambaye kichwa kimeanza kuchafuka, tulikuwa tunamsukuma shimoni kwa kijiko. Ni miaka hii michache tu ndiyo watu wameanza kuliona."

"Kwa hiyo wazungu walikosea."

"Wote tulikosea. Ndiyo raha ya kazi hii, kesho unajua kuliko jana."

"Raha," Bwana Salim alisema, akafunika sufuria ya supu kama mtu anayefunika uso wa maiti.

Amri ilikuwa hivi: nyama hapana, maziwa hapana, mayai na maharagwe hapana, kwa sasa. Viazi, ndizi, uji mwepesi wa mahindi, asali, sukari, maji ya matunda. Pamoja na hayo kulikuwa na vidonge vipya viitwavyo neomaisini, vilivyokuja kwa treni kutoka Nairobi, vya kuua vile vijidudu vya tumboni. Bwana Salim alikata utepe kutoka kitambaa cha kijani cha pazia kuukuu. Ndiyo sababu ya utepe wa kijani utakaoukuta kwenye ndoano. Ulikuwa wa mtu mmoja.

Ikaenda vizuri! Alhamisi asubuhi Mzee arap Rono aliniambia jina langu, Rael, na nyota yake ya njiti ilikuwa na pembe tatu nzuri na mbili za kubahatisha. Nilirudi jikoni nikikimbia, jambo ambalo haliruhusiwi kwa sababu ya maji ya moto. Ijumaa asubuhi nikaenda nikiimba. Nikakuta rundo la kuni, na viganja vinaruka.

Daktari alikuja akakuna kichwa. Vidonge vilikuwa vimemezwa. Viazi viliandikwa vimeliwa, ingawa mimi niliona nusu yake chini ya mto. Gari lilikuwa linakuja kesho yake. Daktari akamwomba Sista aliahirishe, Sista akakubali wiki moja, si zaidi, akaonyesha kidole kimoja ili sote tuone.

Mimi nilikuwa napanguza mdomo wa mzee. Juu ya mdomo kulikuwa na utando wa kijivu, na ndani yake vidoa vyeusi vidogo kama vumbi la penseli. Nikanusa kitambaa. Moshi! Bwenini kwetu kuna msichana wa Kericho ambaye kila akitoka likizo huleta mursik, yale maziwa yao yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto, na tunakunywa nyuma ya bweni tukijificha matroni asituone. Utando ule naujua. Nimewahi kukamatwa nao.

Mke wa mzee huitwa Mama Chelimo. Alikuwa akija na lori la viazi kutoka Molo, anashukia sokoni na kutembea. Nilimkuta nyuma ya wodi, kwenye bomba, anaosha kibuyu kirefu kwa kijiti chenye manyoya. Nilisimama. Nilitaka kurudi. Nadhani ningerudi kama asingegeuka.

"Chamgei, mama," nilisema. Ni salamu pekee ya kwao niliyoijua.

"Chamgei, mtoto. Unataka maji?"

"Hapana. Mama... hiyo kibuyu. Daktari alisema maziwa hapana."

"Nani amesema nimeleta maziwa?"

"Mdomo ya mzee."

Akasimama. Ni mrefu kama mume wake. "Sikiliza wewe. Mzee yangu alikuwa mwanaume. Hapa mnampa viazi. Viazi napanda mimi, na ile ndogo ndogo tunapea nguruwe ya mzungu. Sasa mzee yangu ni nguruwe? Mtu mgonjwa, bibi yake asimpee maziwa, watu watasema nini? Watasema nimemwua! Na wewe umeolewa lini? Umepikia nani?"

"Sijapikia mtu, mama."

"Basi!"

Ningeondoka hapo. Lakini swali likanitoka. "Mama, Alhamisi ulipokuja, alikuita nani?"

"Aliniita jina langu. Alicheka na mimi."

"Ukampa kibuyu."

"Nikampa."

"Na leo amekuita nani?"

Maji ya bomba yaliendelea kutoka. Mama Chelimo alikiangalia kibuyu, kisha akakaa juu ya jiwe. "Ameniita mama yake," alisema. "Ameniuliza kama baba amerudi malishoni." Akakiweka kibuyu mapajani. "Kwa hivyo ni mimi."

"Hata sisi, mama. Wiki nzima tulimpa supu. Bwana Salim alikuwa anaongeza."

"Lakini chakula yenu hataki. Anaficha. Nikiondoka atakufa njaa badala ya wazimu."

"Anataka nini?"

Akainua kibuyu puani, akanusa, na nikaona amewaza kitu. "Moshi," alisema taratibu. "Huyu mzee, hata maziwa mbichi ukimpa hanywi. Anataka hii moshi. Uko na uji?"

Sasa, jikoni kwa Bwana Salim hakuingii mgeni. Hata Sista hubisha hodi. Nilimwomba nikitazama kofia yake, maana macho nisingeweza.

"Mwanamke? Na kijinga cha moto? Katika jiko langu?"

"Ndiyo, Bwana Salim."

"Msomi, tangu umekuja hujawahi kusema maneno matatu mfululizo. Leo unasema unaniletea shamba zima."

"Gari la Nairobi litakuja Jumamosi ya wiki ijayo, Bwana Salim."

Alipangusa mikono. Akaita nje, "Mama, ingia! Ila ukiniunguzia dari utanijengea."

Mama Chelimo alitoa kwenye kikapu kijiti cha mti wao, akakiwasha mpaka kichwa chake kikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua, akizungusha, mpaka ukuta wa ndani ukawa mweusi na jiko likanuka kama nyumba ya watu. Akamimina uji mwepesi uliopoa, asali juu yake, akafunga kifuniko. "Ulale," alisema. "Kesho uwe na ukali kidogo."

Kesho yake Bwana Salim alionja. "Huu si uji," alisema. "Huu ni moshi wenye sukari." Akaonja tena kuhakikisha. Mara ya tatu nikakiondoa kibuyu mkononi mwake. Daktari naye alionja, akauliza ndani mna nini na nini, akasema sawa kabisa, akamwambia Mama Chelimo kwamba Ulaya yote hawana dawa hii.

"Najua," Mama Chelimo alisema.

Mzee arap Rono alikunywa kibuyu hadi chini. Mkewe alikaa pembeni akamlisha na viazi vyao wenyewe, amevipondaponda na ndizi na majani mabichi ya kienyeji, na kwa mkono wake alikula. Viganja vilitulia kwanza. Kisha usingizi ukarudi usiku badala ya mchana. Asubuhi moja nilipanga njiti juu ya trei, na kabla sijamaliza akasema, "Toa hii yako, imepinda," akapanga nyota iliyonyooka kuliko yangu. Nilipiga kelele. Mimi! Wodi nzima iligeuka.

Jumamosi gari likaja. Dereva akaingia na karatasi yake akasoma jina, akauliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi. Mzee arap Rono alikuwa ameketi kitandani amevaa shati mahali pa shati.

"Yule?" alimjibu. "Alikuwa anasumbua sana. Ameondoka."

"Kwenda wapi?"

"Nami ningependa kujua. Kunywa chai, kijana, urudi salama."

Sista alikuwa mlangoni. Alitazama mikono ya mzee muda mrefu, kisha akaichukua karatasi ile kwa dereva akaikunja. Bwana Salim alimpa dereva bakuli la supu, akasema angalau leo imepata mtu wa kuinywa.

Sitakudanganya, ini halikupona. Daktari alituita sisi wote, pamoja na Mama Chelimo, akasema makovu hayafutiki. Hakuna anayejua kuyafuta. Tunachojua ni kulilinda lile lililobaki lisilemewe. Lakini mtu hawezi kuishi kwa viazi milele, misuli itaisha. Kwa hiyo sasa tungejaribu kurudisha, kidogo kidogo, tuone ini litavumilia mpaka wapi. Hakuna aliyeandika mpaka huo ni wapi kwa mzee huyu. Tungeuandika sisi. Nilisisimka.

Jumapili mchana nikampelekea nusu yai la kuchemsha.

"Nusu?" Mzee arap Rono alilitazama. "Kuku alikatizwa?"

"Ni jaribio, mzee."

"Na nusu nyingine nani amejaribiwa?"

"Bwana Salim."

Mama Chelimo hakucheka. Alimshika mumewe mkono wakati anatafuna, kama mtu anayevuka mto. Alipomeza, aliniuliza, "Tutajua lini?"

"Daktari amesema kesho asubuhi. Akiamka na akili yake, tumpe zima."

Usiku huo nyumbani sikula vizuri, na mama akadhani nina malaria.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla jiko halijawashwa, nikaenda moja kwa moja wodini bila aproni. Mama Chelimo alikuwa amelala kwa ndugu mmoja mjini, naye amekuja mapema. Alisimama miguuni pa kitanda, na hakuthubutu kuuliza. Mzee alikuwa macho. Sikutaka njiti, maana alikuwa ameshazizoea. Nikavuta kigoda nikaketi, nikamtazama usoni, nikamwuliza, "Mzee, ng'ombe wako wanaitwaje?"

Akaanza kuwataja. Alitaja wa maziwa kwanza, halafu mitamba, halafu yule fahali anayevunja ua wa jirani. Mimi sikujua hata mmoja, kwa hiyo nilimtazama Mama Chelimo. Kila jina alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kwa haraka, mkono umefunika mdomo. Mzee alifika mwisho, akafikiri, akaongeza ndama mmoja.

"Huyo alizaliwa wewe uko hapa," Mama Chelimo alisema. "Nilikuambia juzi tu."

"Ndiyo nasema."

Nikasimama, nikaenda jikoni, nikawasha moto, nikamchemshia yai zima.